Mstari wa Kisarawe

Ubao ulikuwa na uzito wa kilobaiti mia na kumi. Wino ulikuwa na mia mbili na themanini. Mtu akiniuliza kwa nini ile mara ya kwanza nilichagua Ubao, ninazo namba hizo za kumwonyesha, naye ataridhika, maana watu wanapenda namba. Lakini mimi sikuchagua kwa namba. Nilichagua kwa sababu nilichoka kumsikia baba akiulizia mihogo.

Haya, nianze mwanzo. Lusekelo huwa ananisema kwamba hadithi naishika mkia.

Karakana yetu iko Ipuli, hapa Tabora, mlango wa tatu kutoka kwa fundi wa pikipiki za umeme. Tuko wawili tu, mimi Kalunde na huyo Lusekelo, Mnyakyusa mpole anayeudhi kwa upole wake. Tunatengeneza visikio. Kisikio ni kidude cha ukubwa wa punje ya hindi, kinakaa nyuma ya sikio la mzee anayesahau. Mgeni akipiga hodi, kinamnong'oneza mzee: huyu ni Mihayo, mtoto wa dada yako, wiki jana alikuwa anaumwa mguu. Mzee anasema, "Mihayo! Mguu vipi?" Na Mihayo anarudi kwao akitangaza kwamba mjomba ana akili kuliko yeye. Asubuhi, mzee akifumbua macho, kinamsomea hali kwa sauti inayosikika mpaka nje ya chumba: leo ni siku gani, hapa ni wapi, nani yumo ndani, nani hayumo na yuko wapi.

Yote hayo yanakaa humo humo kwenye punje. Sheria ya Sikio haina mchezo: kumbukumbu ya mtu haitoki mwilini mwake, haiendi mtandaoni, na haikai mahali pawili. Ukikutwa na nakala, karakana inafungwa. Umeme nao ni joto la ngozi ya mzee, basi. Kwa hiyo huwezi kuweka databesi ya kibwanyenye, ile yenye seva yake inayokaa ikingoja kuulizwa maswali. Unataka databesi iliyoshonwa ndani ya programu yenyewe, kama mfuko kwenye shati.

Tulijaribu kumi na moja, zikabaki mbili, tukazipa majina yetu. Ubao unaandika, unafuta, unaandika tena palepale. Ni mwepesi, hauli joto. Tatizo lake, mzee akivua kisikio akaoge wakati Ubao uko katikati ya kuandika, ukurasa mzima unaweza kuharibika. Wino haufuti kitu. Kila jipya linaongezwa mwishoni. Ukitaka kusahihisha, unaongeza mstari unaosema ule wa nyuma si kweli, lakini ule wa nyuma unabaki palepale na tarehe yake. Mzee akivua kisikio saa yoyote, Wino unaamka salama. Ila unanenepa, na unakula joto karibu mara mbili.

Tulikuwa na mpaka Ijumaa kuchagua. Databesi ikishachomwa kwenye chipu haibadiliki tena, na wazee mia nne walikuwa wanasubiri.

"Mimi ni Wino," Lusekelo alisema tangu siku ya kwanza. "Unaikumbuka ile familia ya majaribio?"

Nilikuwa naikumbuka. Tuliwapa kisikio chenye Ubao pamoja na funguo ya kusahihisha. Walikuwa wamegombana na kaka yao mkubwa kuhusu nyumba. Baada ya wiki mbili yule kaka akaja kumsalimia mama yake, na mama akamuuliza, kwa adabu kabisa, "Karibu baba, wewe ni mwenyeji wa wapi?" Watoto walikuwa wamemfuta. Yule kaka alikaa kwenye kochi akashindwa hata kunywa maji.

"Wale ni washenzi," nilisema.

"Ni watu waliokuwa na funguo," Lusekelo alisema.

*

Baba yangu, Mzee Msabila, ndiye aliyekuwa mvaaji wetu wa kwanza. Alikuwa fundi wa reli miaka thelathini na tano. Alisaini mwenyewe, akili ikiwa bado nzima, na kisikio chake tulikitia Wino. Miezi mitano kilifanya kazi bila kasoro. Mama akawa anacheka kwamba sasa mume wake anakumbuka hata siku alizomkosea.

Mwezi wa tatu mama akafariki. Presha. Alianguka asubuhi, mchana hatukuwa naye.

Sasa sikiliza kosa letu, na ni kosa la aibu, maana mimi ni Mnyamwezi na nimezaliwa ndani ya utani. Kisikio hakiandiki kila kinachosikika, kingejaa kabla ya saa nne. Tulikipa kanuni: andika lile analoambiwa mvaaji mwenyewe, na mtu ambaye sauti yake inajulikana kwa miaka, likiwa na jina la mtu na mahali. Tuliijaribu kanuni hiyo sokoni, tukaijaribu kanisani, tukaijaribu baa muziki ukiwa juu. Msibani hatukuijaribu.

Msibani walikuja watani, watu wa makabila yenye ruhusa ya kututania hata mbele ya maiti.

Jirani yetu Bi Sikudhani ni Mzaramo wa Kisarawe, mjane wa mfanyakazi mwenzake baba huko reli. Ametutania tangu nikiwa tumboni. Siku ile aliingia uani amejifunga kitenge kichwani kama kilemba cha bwana harusi, akawarukia wabeba jeneza akaling'ang'ania, akasema hatoki mtu mpaka Wanyamwezi wamkubali kuwa ndiye chifu wao. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Kisha akamwendea baba pale mkekani, akachuchumaa mbele yake.

"We Msabila, mtumwa wangu, unalia nini? Nani kakwambia Nyamizi kafa? Nyamizi nimemchukua mimi. Yuko Kisarawe ananilimia mihogo. Atarudi mihogo ikikomaa."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Ndiyo mara ya pekee nilipomwona akicheka siku ile.

Na kisikio kikaandika. Fikiria siku nzima ile, watu mia mbili walimpa baba mkono, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mke wake amekufa. Nani anamwambia mfiwa habari hiyo? Wanampa pole, wanakaa. Mtu mmoja tu ndiye aliyemwambia baba, kwa sauti inayojulikana, kwa jina na mahali, kuhusu mama. Kesho yake asubuhi nikiwa nakoroga uji nilisikia kisikio kikimsomea hali kwa ile sauti yake safi: "Leo ni Jumatano. Uko nyumbani, Tabora. Binti yako Kalunde yuko jikoni. Mke wako Nyamizi yuko Kisarawe. Atarudi mihogo ikikomaa."

Kisha nikasikia kicheko. Baada ya muda akatoka, akaketi mezani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mihogo vipi, haijakomaa?"

Kijiko kikaniponyoka.

Ikawa hivyo kila asubuhi, miezi mitatu. Kicheko kidogo chumbani, kimya kidogo, kisha anatoka na swali lake la mihogo, anakunywa uji, anakwenda kwenye benchi lake la nje kupata joto la jua. Watu wananisifia, mzee wako amepoa jamani, hana makuu. Mimi naungua. Nilikuwa namwona mtu mzima aliyejengewa uongo, anamsubiri mke aliye kaburini, na uongo huo umejengwa kwa kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu.

*

"Ongeza mstari," Lusekelo aliniambia Jumatatu ya wiki ile ya kuchagua. "Nyamizi alifariki, tarehe kadhaa. Wino utasoma wa mwisho."

"Na ule wa mihogo?"

"Utabaki nyuma. Hautasomwa asubuhi, ila upo."

"Sitaki uwepo. Baba ana ile tabia ya kukiuliza kisikio mambo ya zamani. Siku moja atauliza Nyamizi alikuwa wapi mwezi wa nne, nacho kitamjibu Kisarawe. Nataka utoke."

"Kwenye Wino hautoki."

"Ndiyo maana nataka Ubao."

Aliweka chini koleo lake dogo. "Kalunde. Kwa wazee mia nne, au kwa mzee mmoja?"

"Tunatakiwa kulinganisha kabla ya Ijumaa au hatutakiwi? Nalinganisha."

"Mstari wenyewe ni wa nani?"

"Wa baba."

"Basi muulize baba."

"Nikimuuliza leo, kesho hajui kama niliuliza. Usinifundishe baba yangu, Lusekelo."

Akaokota tena koleo lake. Upole wake huo ndio ninaousema.

Niliifanya kazi ile mchana, baba akiwa amelala baada ya ugali. Kisheria unaruhusiwa kuhamisha, mradi chombo cha zamani kiteketezwe mbele ya shahidi. Nikahamisha kutoka Wino kwenda Ubao mistari elfu sita na kitu, yote isipokuwa mmoja. Mahali pake nikaandika kweli: Nyamizi, mke wako, alifariki tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu. Lusekelo akasaini kama shahidi, bila kuniangalia. Kisikio cha zamani tukakitia kwenye kijitanuri, kikawa unga. Nilijisikia mwepesi, niseme ukweli. Nilijiona mtoto mwema.

Jumanne asubuhi kisikio kikamsomea. Hakucheka mtu. Nilisikia kitanda kikilia, kisha sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa baba yangu, sauti ya mtu anayepigwa. Nikakimbilia ndani. Alikuwa ameketi, mikono imeshika magoti.

"Kalunde, mama yako amekufa?"

"Ndiyo baba. Pole baba."

"Mbona hamkuniambia? Kafa, mmemzika, mimi nimelala humu kama gogo?"

Nikamweleza kwamba alikuwepo, kwamba alitupa udongo. Akaniangalia kama mtu anayedanganywa na mtoto. Hakunywa uji.

Jumatano, vilevile. Ameamka mpya, akapigwa upya, akaniuliza upya kwa nini tulimficha. Saa nne nikainuka. Nikasema hapana, huu nao ni unyama, namuua mama kila siku kwa mikono yangu. Ubao ni mwepesi, nilishasema. Nikachukua funguo, nikaufuta na huo mstari. Haikuchukua hata sekunde. Kuhusu Nyamizi yuko wapi, kisikio sasa hakikuwa na neno.

*

Alhamisi asubuhi baba alitoka chumbani amevaa koti la kazi la reli.

"Mama yako yuko wapi?"

Kwa miezi mitatu hakuwahi kuniuliza hivyo. Sikuliona hilo wakati ule. Nilisema, "Ametoka kidogo, baba," nikajichukia, nikaenda kwenye sufuria. Niliporudi, mlango ulikuwa wazi.

Nilimtafuta stesheni. Nikamtafuta sokoni pale mama alipokuwa akinunua karanga. Nikazunguka hospitali. Lusekelo akazunguka upande wa Ipuli kwa pikipiki, akiulizia mlango hadi mlango. Jua likapanda mpaka utosini. Nilikuwa nikiwaza reli, nikiwaza malori, nikiwaza jinsi nitakavyowaambia ndugu kwamba nilimpoteza baba kwa kufuta mstari mmoja.

Bi Sikudhani ndiye aliyempata. Alimkuta mtaa wa Ng'ambo, hapahapa mjini, kwenye nyumba waliyopanga na mama walipooana, miaka arobaini na kitu nyuma. Alikuwa amesimama mlangoni kwa watu asiowajua, kofia mkononi, akiomba radhi, akisema amekuja kumchukua mke wake. Ilikuwa nyumba ya tisa kupiga hodi. Wenye nyumba walimpa kiti, hakukaa.

Walipofika nyumbani, miguu ya baba ilikuwa imejaa vumbi mpaka magotini. Nikamvua viatu. Bi Sikudhani akanivuta pembeni, na siku hiyo hakunitania.

"Mtu huyu hakuwa akitafuta mtu. Kila siku napita hapo nje tunatukanana vizuri, ananiambia mihogo yako imeliwa na nguruwe. Leo namwambia mihogo, ananitazama kama sipo. Umemfanya nini?"

Nikamwambia. Kisikio, Wino, Ubao, yote. Sikutegemea aelewe, lakini alielewa haraka kuliko wakaguzi wa Sheria ya Sikio.

"Umefuta maneno yangu."

"Yalikuwa uongo, Bi Sikudhani. Alikuwa anamsubiri."

"Nani alikwambia alikuwa anasubiri? Ulimuuliza?"

Nilikuwa bado nimeshika viatu vya baba.

"Wanyamwezi!" alisema, akakung'uta kitenge. "Mnasoma mpaka mnapitiliza. Njoo."

Akaingia sebuleni. Baba alikuwa kwenye kiti, ameshikilia kofia, macho mlangoni. Bi Sikudhani akachuchumaa mbele yake kama siku ile, na magoti yake yakalia, maana naye si binti.

"We Msabila, mtumwa wangu. Nasikia unazunguka mji mzima unabisha nyumba za watu, unaniaibisha mimi mwenye mali. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta Nyamizi."

"Nyamizi si nimemchukua mimi? Yuko Kisarawe ananilimia mihogo. Mvivu kama ukoo wenu wote, kutwa anakaa kivulini. Atarudi mihogo ikikomaa."

Baba alimtazama. Uso wake ulikuwa umekunjamana tangu asubuhi, nikauona ukifunguka taratibu, mdomo kwanza. Akacheka. Alicheka kwa tumbo, akampiga Bi Sikudhani begani kwa kofia, akamwita mwizi mkubwa, akacheka tena mpaka machozi. Na machozi yakaendelea kutoka kicheko kikiwa kimekwisha.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Amefariki lini?"

Nilishika mlango.

"Mwezi wa tatu," Bi Sikudhani alisema.

"Baba," nilisema, "umejuaje?"

Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliniangalia kama baba anayemsikitikia mtoto asiyeelewa somo.

"Mama, Mzaramo atasemaje maneno hayo kwa mtu aliye hai? Hayo ni maneno ya msibani." Akajifuta uso kwa kofia. "Mlimzika vizuri?"

"Vizuri, baba."

"Na watani walikuwepo?"

"Mimi nililala juu ya jeneza," Bi Sikudhani alisema. "Walinitoa wanaume wanne."

"Basi," baba alisema. "Basi, amezikwa." Akaomba uji.

Nilikwenda jikoni nikalia peke yangu. Miezi mitatu mtu huyu alikuwa akiambiwa kila asubuhi kwamba mke wake amefariki. Aliambiwa na mtani, kwa kicheko kwanza, ndipo kile kimya kidogo chumbani, ambacho mimi sikuwahi kwenda kukitazama kwa sababu nilikuwa jikoni nakasirika. Alikuwa anaamka, anafiwa, anazika, anatoka, ananitania mimi. Mimi ndiye ambaye sikuitikia.

*

Ijumaa nilifika karakana saa mbili. Lusekelo alikuwa ameshawasha mashine ya kuchomea chipu.

"Namba zinasema Ubao," alisema, akinipima.

"Wino."

"Utakula joto. Wazee wasiotembea kisikio kitawazimikia."

"Tutaondoa zile sauti mbili za ziada za kusomea, zinakula kilobaiti tisini, na hakuna mzee aliyewahi kuzitumia. Hali ya asubuhi isomwe mara moja tu, siyo kila anapogeuza shingo. Kwa asiyetembea tutashona kamba ya shingoni inayokusanya joto la kifua. Nimepiga hesabu, inatosha."

"Na kwenye sababu niandike nini?"

Fomu ya wakaguzi ina nafasi ndogo pale, maneno ishirini hivi. Nikaichukua, nikaandika mwenyewe: *Wino, kwa sababu mwenye funguo anaweza kukosea, na mimi nilikosea.* Lusekelo akaisoma, akaikunja. Akaniletea chai.

Baba tulimhamisha siku ileile kwenye Wino. Mstari wa Bi Sikudhani ulikuwa umeshaandikwa upya, na tarehe ya jana yake tu, sebuleni. Ule wa zamani ulikuwa unga, na hakuna fundi wa kuurudisha. Funguo ya kisikio chake nikampa Bi Sikudhani, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Alisema sasa anammiliki mzee mzima, kichwa na mwili.

Jumamosi niliacha uji ukichemka peke yake, nikaenda nikasimama nje ya mlango wa baba. Nikasikia ile sauti safi: leo ni Jumamosi, uko nyumbani, Kalunde yuko nyumbani, Nyamizi yuko Kisarawe. Nikasikia kicheko. Nikasikia kimya. Safari hii nilikisubiri kimya kile mpaka mwisho, na kilikuwa kirefu kuliko nilivyodhani.

Alipotoka alinikuta pale pale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mihogo vipi, haijakomaa?"

"Bado, baba," nilisema. "Nasikia mwaka huu mvua zimechelewa kule."

Akacheka, akanishika bega, tukaenda kunywa uji.